Bei Ikija kwa Simu: Mwongozo kwa Wauzaji wa Mwanza na Visiwani

Ukiuza sangara Mwaloni Kirumba, au dagaa wa Igombe, au ukikusanya mzigo Ukerewe na kuuvusha kuja mjini, bei ya leo huenda uliisoma kwenye simu kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Wakala kaiandika kwenye kundi, naye kaletewa na kiwanda. Huko kiwandani nani aliipigia hesabu? Zamani alikuwa ofisa manunuzi na kikokotoo chake. Sasa duniani zipo programu zinazoweza kufanya kazi hiyo: zinaangalia dola imeamkaje, ndege ya mizigo ina nafasi kiasi gani, wateja wa ng'ambo wameagiza tani ngapi, na, hapa ndipo pa kukazia macho, mnunuzi wa jirani ametoa ngapi.

Kutumia programu si kosa. Kosa linaanza pale wanunuzi wanaotakiwa kushindana wanapoacha kushindana na kuiachia mashine iwapatanishe. Nimeandika kwa ajili ya mvuvi, mchuuzi, wakala, kiongozi wa ushirika na mwenye duka Makoroboi. Huhitaji kuwa mwanasheria. Unahitaji kujua bei zinazofanana zinapokuwa soko tu na zinapokuwa njama, na ukishuku njama, ukusanye nini kabla hujafungua mdomo.

Sheria inasema nini

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Sura ya 285. Zanzibar wana sheria na tume yao. Msimamizi wa huku ni Tume ya Ushindani, ile ambayo wengi wanaijua kwa herufi FCC. Sheria ilitungwa wakati simu ya mkononi yenyewe ilikuwa mali ya wachache, na hakuna aliyekuwa akiwaza akili mnemba. Lakini waliotunga waliacha mlango mpana. Mapatano yanayokatazwa si lazima yaandikwe wala yapigwe muhuri. Maneno ya mdomo yanatosha. Uamuzi wa chama cha wafanyabiashara unatosha. Hata kwenda pamoja kimyakimya kwa kuelewana kumo ndani.

Kati ya washindani, mambo matatu hayana mjadala: kupanga bei, kumsusia mtu kwa pamoja, na kupanga nani ashinde zabuni. Kupatana kwenyewe ndilo kosa, hata kama bado hujaonyesha nani aliumia na kwa kiasi gani. Watu wengi hudhani kupanga bei ni kazi ya wauzaji wanaopandisha. Wanunuzi wanaokubaliana wasivuke kiasi fulani wanafanya jambo lile lile wakiwa upande wa pili wa mizani, na ukanda huu wa ziwa, wenye wavuvi maelfu na viwanda vya minofu vinavyohesabika kwa vidole, ni upande huo wa kuchungwa zaidi.

Kosa lingine ni la mkubwa mmoja anayetumia ukubwa wake kuwafungia wengine njia. Sheria ya 2003 ilianza na kipimo cha zaidi ya asilimia 35 ya soko husika. Marekebisho hufanyika, kwa hiyo waulize Tume kipimo kinachotumika sasa. Kuwa mkubwa si dhambi. Kampuni ya bia ya Serengeti ilipoilalamikia mshindani wake TBL mbele ya Tume, zote mbili zenye viwanda hapa hapa Mwanza, ugomvi haukuwa bei ya chupa. Ulikuwa juu ya mabango yaliyong'olewa kwenye baa na mikataba ya kuzifunga baa hizo kwa kampuni moja. Mkubwa alikuwa anashitakiwa kwa kuzuia mwenzake asionekane. Kumbuka kesi hiyo ukifika sehemu ya programu za simu, maana kuonekana ndilo neno kubwa huko.

Kuna pia sehemu ya sheria inayohusu makampuni kuungana na kununuana. Hiyo waachie mawakili.

Mashine inavyoingia kwenye njama

Inaingia kwa milango mitatu, na haifanani kwa uzito.

Mlango wa kwanza ni wa kizamani kabisa: watu wamekubaliana, na programu ni mtumwa wao. Mwaka 2015 huko Marekani, mfanyabiashara David Topkins, aliyekuwa akiuza mabango ya picha kwenye Amazon, alikiri kwamba yeye na wenzake walipatana bei halafu wakaandika programu ya kuitekeleza. Mabango, si mafuta ya petroli. Usidhani kwamba sheria za namna hii ni za mabilionea peke yao.

Mlango wa pili ndio unaotufaa kuujua sana. Washindani hawajazungumza hata mara moja, lakini wote wamenunua programu kwa mtu mmoja, na kila mmoja anaipa siri zake: ananunua kiasi gani, kwa bei gani, anapata faida ngapi. Programu inazichanganya siri hizo na kumrudishia kila mmoja ushauri. Agosti 2024 serikali ya Marekani iliishitaki kampuni ya RealPage kwa jambo hilo. Wenye nyumba za kupangisha walikuwa wakiipa takwimu zao za ndani nayo ikiwapendekezea kodi. Novemba 2025 pande mbili zilifikia makubaliano yanayoizuia programu kutumia taarifa mpya za siri za washindani. Badilisha kodi ya nyumba uweke kilo ya sangara, uone ingekuwaje kama viwanda vyote vya ukanda huu vingenunua programu ya manunuzi kutoka kwa muuzaji mmoja.

Mlango wa tatu unawaumiza vichwa wanasheria duniani kote. Programu mbili tofauti, za wenye mali wawili wasiojuana, zinajifunza zenyewe kwamba kushindana hakulipi. Wachumi wameonyesha kwa majaribio ya kompyuta kwamba jambo hilo linawezekana bila kufundishwa. Utafiti wa vituo vya mafuta vya Ujerumani nao uliona faida ya vituo jirani ikipanda pale vyote viwili vilipoanza kutumia programu za bei, ilhali kimoja kikitumia peke yake haikuwa hivyo. Nani alipatana na nani hapo? Sheria yetu inadai mapatano au mwenendo wa kuelewana, na mashine mbili zilizozoeana si rahisi kuzipandisha kizimbani. Kwa maoni yangu, mlalamikaji wa Mwanza asipoteze muda na mlango huu. Atafute binadamu: nani alinunua programu, nani aliiwekea amri, nani aliona inakokwenda akanyamaza.

(Mafuta ya gari ya hapa kwetu ni habari nyingine. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo vituo viwili vya Nyegezi vikiwa na bei moja, kwanza angalia kama wote wamekaa kwenye kikomo hicho.)

Bei kufanana si ushahidi

Manung'uniko kwamba viwanda hupeana bei ni ya miaka mingi mwaloni. Nung'uniko likifika Tume bila kitu kingine, litarudi lilivyo. Ukitaka kusikilizwa, anza kwa kujitilia shaka mwenyewe.

Sangara anakwenda nje. Minofu ikipelekwa Ulaya, viwanda vyote vinatazama soko lile lile na fedha ile ile. Nauli ya ndege ikipanda, wote wanabanwa siku moja na wote wanashusha. Mabondo ndivyo zaidi, maana bei yake inafuata wanunuzi wa China, na huku hatuna sauti kule. Dagaa nao wana mwezi: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mzigo unapungua na bei inapanda mwalo hadi mwalo bila mtu kumpigia mwenzake simu. Ongeza mvua zinazoharibu uanikaji, ongeza operesheni za uvuvi haramu zinazofunga kambi kwa wiki. Sababu zote hizi ni halali, na zote zinazalisha bei zinazofanana.

Kwa hiyo tafuta kile ambacho sababu hizo hazielezi. Bei imeshuka kwa viwanda vyote saa moja asubuhi ile ile, kwa shilingi zile zile, lakini dola haikucheza na mizigo haikuongezeka. Au mmoja ana gharama ndogo, yuko jirani na mwalo na ana barafu yake, lakini hajawahi hata siku moja kupanda juu ya mwenzake wa mbali ili avute mzigo. Au sangara wa ukubwa mmoja anapewa daraja tofauti ghafla kwa wanunuzi wote kwa pamoja. Hiyo ni njia ya kushusha bei bila kugusa bei. Au wewe umehama kutoka wakala mmoja kwenda mwingine, na yule wa pili anakuambia, bila aibu, "Mama, wewe ni wa fulani, siwezi kukupokea." Hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa. Kugawana wauzaji husema mengi kuliko bei kufanana, kwa sababu mnunuzi anayehitaji mzigo hana sababu ya kibiashara ya kuukataa.

Kwenye mnada ishara ni nyingine. Dengu na choroko za Kanda ya Ziwa zimeingizwa kwenye stakabadhi ghalani na mnada wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnada wa mtandaoni una uzuri mmoja mkubwa: unaacha nyayo. Viongozi wa vyama vya msingi Kwimba na Misungwi, ombeni matokeo ya minada yote ya msimu, si ule mmoja mliokasirikia. Yapangeni kwa tarehe. Kama wanunuzi watatu wanashinda kwa zamu, leo huyu, keshokutwa yule, na walioshindwa huweka bei za chini kabisa kana kwamba wanasindikiza, mna jambo la kuuliza. Kama anayeshindwa mnada ndiye anayeonekana baadaye akipakia mzigo wa mshindi, mna jambo kubwa zaidi.

Daftari

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Kiwanda chenye programu kina kumbukumbu ya kila kilo iliyoingia kwa miaka. Wewe una kichwa. Mkikutana mbele ya Tume, yeye ataleta majedwali nawe utaleta uchungu, na majedwali yatashinda. Tofauti hii ya kumbukumbu ni ya hatari kuliko ujanja wowote wa akili mnemba, kwa sababu mashine haifanyi muujiza. Inajua soko kuliko wewe kwa kuwa iliandika na wewe hukuandika.

Wakulima wa pamba wa Usukuma walilijua hili kabla ya kompyuta. Miaka ya baada ya vita ya pili ya dunia, kilio chao kwenye vituo vya kununulia kilikuwa mizani: pamba inapimwa na mnunuzi, inasomwa na mnunuzi, inaandikwa na mnunuzi. Wakaweka vijana wao waliosoma wasimame kwenye mizani na kuhakiki. Kutoka kwenye vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao ndani ya miaka michache ulikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya Waafrika wa bara hili. Ushirika ule baadaye ulikuwa na magonjwa yake, hilo wazee wa Nyanza watakusimulia. Lakini mwanzo wake ulikuwa kitu kidogo cha kuiga: kupima na kuandika wenyewe.

Basi nunua daftari la kurasa nyingi, au tumia simu kama unaweza, lakini daftari haliishiwi chaji. Kila siku ya kuuza andika tarehe na saa, mwalo, aina na ukubwa wa samaki, kilo kwa mizani gani, bei uliyopewa, na, hiki ndicho watu husahau, bei ulizozikataa au ulizokataliwa. Andika jina la mnunuzi na nani aliyekuwapo. Bei ikibadilika katikati ya siku, andika saa. Ujumbe wa bei ukija kwenye simu, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na namba iliyotuma, halafu itume kwenye barua pepe yako, maana ujumbe hufutwa na simu huanguka ziwani. Mara moja kwa wiki andika pia bei ya dola na hali ya mwezi. Utafanya hivyo kwa faida yako mwenyewe: siku ukigundua kwamba kushuka kwa bei kulifuata dola, utakuwa umeokoa safari na aibu.

Wauzaji kumi wenye madaftari ya miezi sita, kutoka mialo tofauti, ni ushahidi ambao hata mchumi wa Tume atauheshimu. Kila mmoja aandike lake kivyake, mkutane baadaye kuyalinganisha. Mkiandika pamoja kila jioni chini ya mwembe, wakili wa upande wa pili atasema mliandikishana.

Na kama shida ni mizani yenyewe, hiyo si kazi ya Tume ya Ushindani. Nenda Wakala wa Vipimo, na uende leo.

Kundi la WhatsApp, na hatari yako mwenyewe

Sheria haiwaangalii wakubwa tu. Tuseme ninyi ni wauza dagaa wa jumla, wafanyabiashara ishirini na mmoja kwenye kundi moja. Mtu anaandika: "Jamani, Wakongo wanakuja kesho, mtu asishuke chini ya bei ya jana." Watano wanajibu kwa kidole gumba. Kumi na wanne wamesoma, wamenyamaza. Mmoja hakufungua simu.

Wale sita wamejiingiza. Wale kumi na wanne je? Kuna kesi ya Lithuania inayofaa kukaririwa. Mawakala wa safari walikuwa wakitumia mfumo mmoja wa kompyuta wa kuuzia tiketi, ukiitwa E-TURAS. Siku moja mfumo ukawatumia wote ujumbe kwamba punguzo la bei mtandaoni lisizidi asilimia 3. Hawakukutana, hawakujibu. Januari 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba wakala aliyeujua ujumbe ule, asijitenge nao hadharani wala kuripoti, anaweza kuhesabiwa kuwa alikubali. Hukumu ya Ulaya haimfungi hakimu wa Tanzania. Lakini mantiki yake ni nyepesi kueleweka, na sitashangaa siku ikisomwa Dar es Salaam.

Ukiona ujumbe wa namna hiyo, jibu kwa maandishi pale pale: "Mimi bei yangu napanga mwenyewe, sishiriki hili." Kisha toka kwenye kundi au uombe mada hiyo ifungwe. Kujadili barafu, usalama ziwani, ushuru wa halmashauri, ubovu wa barabara ya kwenda mwaloni, yote hayo ni ruksa. Bei ya kesho si ruksa.

Hapa kuna swali la haki: kama viwanda vina nguvu hivyo, wavuvi wadogo wakipatana kuuza kwa pamoja nao ni wahalifu? Jibu linategemea umbo. Chama cha ushirika kilichosajiliwa, kinachokusanya samaki wa wanachama na kuuza kama muuzaji mmoja, si sawa na wafanyabiashara huru wanaopeana bei kwenye simu. Sheria pia inaipa Tume uwezo wa kusamehe mapatano fulani ambayo faida yake kwa watu inazidi madhara. Msamaha huombwa kabla. Kiongozi anayekwenda kuuomba baada ya kukamatwa anakwenda kujitetea, na hayo ni maombi mengine.

Nyavu, mkopo na programu

Kwenye kambi za visiwani, bei ya samaki mara nyingi imeshafungwa kabla ya samaki kuvuliwa. Tajiri au wakala katoa nyavu, mashine ya mtumbwi na mafuta. Mvuvi analipa kwa kuuza kwake tu. Mpango huu una watetezi, na kwa sababu: benki gani itakuja Goziba? Lakini ndani yake vitu viwili vimefungwa fundo moja, deni na bei. Ukiweza, vifungue. Omba deni liandikwe kwa shilingi, na bei iwe ya soko la siku ya kuuza, kwa kutaja mwalo wa kulinganishia. Wakala akikataa moja kwa moja, umejua faida yake inatoka wapi.

Simu zimeanza kufanya kazi ya tajiri. Historia ya malipo yako inatumika kukupangia mkopo, na hakuna karani wa kumlilia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kubonyeza popote, hakikisha mkopeshaji ana leseni yake. Pia tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inakupa haki ya kutaka uamuzi unaokugusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Omba kwa barua. Uliza walikutathmini kwa taarifa zipi, na zilitoka wapi. Kama kampuni inayokununulia samaki ndiyo pia inayoona mauzo yako yote na kukupangia mkopo, jibu la swali hilo la pili ni la ushindani kama lilivyo la faragha.

Kwamba soko la simu linaweza kufunguliwa, tumeliona. Mwaka 2014 mitandao ya Tanzania ilianza kuunganisha huduma za pesa, mtu wa mtandao mmoja akamtumia wa mtandao mwingine moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga 2016. Kenya mwaka huo huo wa 2014 Safaricom iliacha kuwafunga mawakala wa M-Pesa wasihudumie wengine, baada ya Airtel kulalamika kwa mamlaka ya ushindani.

Duka lako ndani ya nyumba ya mtu

Sehemu hii ni fupi kwa sababu uwezo wako hapa ni mdogo, na sipendi kukudanganya. Kama unauza vitenge, vipuri au sangara wa kukaanga kwa WhatsApp, uko ndani ya nyumba ya Meta, kampuni yenye WhatsApp. Oktoba 2025 kampuni hiyo ilitangaza masharti, ya kuanza 15 Januari 2026, ya kuzuia wasaidizi wa akili mnemba wa makampuni mengine kutoa huduma kupitia WhatsApp ya biashara, huku msaidizi wake yenyewe akibaki ndani. Desemba 2025 Kamisheni ya Ulaya ilifungua uchunguzi, na mamlaka ya ushindani ya Italia ikaiamuru isimamishe masharti hayo. Ni lile lile la mabango ya baa: nani anaruhusiwa kuonekana ukutani.

Unachoweza kufanya ni kutokaa na funguo moja. Namba za wateja wako ziwe pia kwenye daftari au faili lako. Kabla ya kulipia programu yoyote ya kujibu wateja au kupanga bei, muulize muuzaji mambo mawili kwa maandishi: nikiondoka, naondoka na taarifa zangu? Na taarifa zangu mnazitumia kumshauri mshindani wangu? Akijibu la pili kwa maneno ya kuzungukazunguka, tafuta mwingine.

Pa kwenda

Malalamiko ya kupanga bei, kususia au kuzuiwa kuingia sokoni yapeleke Tume ya Ushindani. Ina ofisi ya kanda hapa Mwanza, kwa hiyo safari ya Dar es Salaam si lazima. Mambo ya nauli za programu za usafiri ni ya LATRA, ambayo mwaka 2022 ilivutana na Uber juu ya kamisheni mpaka kampuni hiyo ikasimamisha huduma zake kwa miezi. Mitandao ya simu ni TCRA, mafuta na umeme ni EWURA. Ukikosea mlango, omba barua ya kukuelekeza kwingine, ili usionekane ulikaa kimya. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume hukata rufaa Baraza la Ushindani.

Ziwa hili ni la nchi tatu, na samaki hawaulizwi pasipoti. Kama unashuku wanunuzi wa Mwanza wanapatana na wa Kisumu au Kampala, liandike hilo kwenye malalamiko tangu mwanzo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Mamlaka yake ya Ushindani, Arusha, iliyoanza kupokea taarifa za miungano ya makampuni Novemba 2025, na mambo ya kuvuka mipaka ndiyo sababu ya kuwapo kwake.

Barua yako iwe ya kurasa mbili. Sema wewe ni nani, soko ni lipi na la wapi, unamlalamikia nani, alifanya nini, lini, na kwa nini mwezi, dola au mzigo havielezi jambo hilo. Ambatisha nakala za daftari na picha za skrini. Nakala za asili baki nazo. Usiandike "programu yao inatuibia" kama hujawahi kuiona programu hiyo. Andika ulichokiona, kisha iombe Tume ichunguze nani anaiendesha na inalishwa taarifa za nani, maana Tume ina mamlaka ya kudai nyaraka ambazo wewe hutaonyeshwa. Kama unaogopa kulipizwa, sema hivyo kwenye barua na uombe jina lako lihifadhiwe. Sheria ya 2003 iliweka faini ya kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka kwa anayekutwa na hatia, kwa hiyo tegemea upande wa pili utaleta mawakili wazuri na jambo litachukua muda mrefu.

Wakati unasubiri, endelea kuuza na endelea kuandika. Usitangaze malalamiko kwenye kundi lile lile la bei. Weka nakala moja ya kila kitu nyumbani, nyingine kwa katibu wa chama chenu, na ya tatu kwa mtu unayemwamini ambaye hauzi samaki.